Hivi Nakamura aliharibiwa na WWE au uwezo wake ndio uliishia pale?

#1 Mtoto wa Manzese
Habari wakuu. Nimemaliza kuangalia SmackDown, onyesho la mieleka la kampuni ya WWE ya Marekani, ya Ijumaa tarehe 7 Machi 2025, LA Knight kamnyang'anya yule Mjapani Shinsuke Nakamura mkanda wa US (sio ule mkubwa), uleule ambao Nakamura alimpokonya kwenye onyesho la Survivor Series Novemba 30, 2024. Miezi mitatu na ushee imeisha hivyohivyo, hakuna aliyeshtuka.

Swali langu kwenu wataalamu. Huyu jamaa Januari 2016 anaondoka New Japan, kampuni kubwa ya mieleka ya kwao, alikuwa anatajwa kwenye orodha ya watu watatu wanne bora duniani. Tangu hapo mpaka leo mkanda mkubwa wa WWE hajaushika hata kwa usiku mmoja. Jinder Mahal, yule aliyezoea kupigwa tu, kaushika. Narudia, JINDER MAHAL. Mimi naona WWE walinunua gari la mashindano wakaenda kubebea mkaa wa Morogoro. Mnaonaje?

#2 Kiti cha Mbele
Ngoja waje.

#3 Bondia Mstaafu
Mkuu mieleka ni maigizo, mtu mzima unaumia kwa skripti?

#4 Mtoto wa Manzese
Tunajua ni maigizo toka enzi za banda umiza, asante kwa taarifa. Wanaojua karibuni.

#5 Fundi Redio
Wengi humu mnamjua kuanzia ile fidla ya wimbo wake wa kuingilia NXT, ligi ya WWE ya kukuzia vipaji, kwa hiyo acha nirudi nyuma kidogo maana bila hapo swali halijibiki. Jamaa kaanza New Japan Agosti 2002 akitokea chuo cha Aoyama Gakuin, huko alikuwa anacheza mieleka ya kimashindano, ile ya olimpiki. Kipindi hicho PRIDE na K-1, mashindano ya mapigano ya kweli, ndio zinatawala TV za Japani, na mzee Antonio Inoki, mwanzilishi wa New Japan, alishikilia wazo kwamba mwanamieleka wake lazima aweze na kupigana kweli. Basi dogo hata miezi sita kazini hajafikisha anatupwa Desemba 31, 2002 na Daniel Gracie, ngumi za kweli hizo, akakunjwa mkono akasalimu amri.

Mwaka uliofuata, Desemba 2003, anampiga Hiroyoshi Tenzan anachukua mkanda mkubwa wa New Japan, unaoitwa IWGP, akiwa na miaka 23, na mkanda ule mpaka unastaafishwa 2021 hakuna aliyeuchukua akiwa mdogo zaidi. Wiki tatu baadaye BINGWA huyohuyo wanampeleka akapigane na Alexey Ignashov, mpiga mateke wa Belarus, akala goti refa akasimamisha, malalamiko yakaenda mpaka matokeo yakafutwa. Uso umevimba, Februari 2004 akauachia mkanda kwa majeraha. Mei wakarudiana akamkaba Ignashov shingo akashinda. Januari 4, 2006 anagombea mkanda na Brock Lesnar pale Tokyo Dome, kapigwa. Yaani huyu mtu alikuwa anatumika vibaya kabla hata WWE hawajamjua.

Ile mikono ya kutetemeka, kulegea kama hana mifupa, nguo za ngozi, hayo yote yamekuja baadaye kuanzia 2009 alipoanzisha kundi la CHAOS. Alijitengeneza mwenyewe upya. Mwaka 2012 akachukua mkanda wa Intercontinental wa New Japan ambao ulikuwa mpya, hauna hata mwaka na nusu, akaupandisha mpaka Januari 4, 2014 Tokyo Dome mashabiki wakapiga kura mechi yake na Tanahashi ndio iwe ya mwisho, mechi ya mkanda mkubwa ya Okada na Naito ikashushwa chini yake. Kwa hiyo Mtoto wa Manzese mimi ukiniuliza kama aliharibiwa nakwambia mtu aliyefanya mkanda namba mbili uwe namba moja hapimwi kwa mkanda mkubwa.

#6 Kiti cha Mbele
#5 shusha mzigo mkuu, nimesogeza kiti.

#7 Msee wa Umoja
Niaje wakubwa. Mimi naona mnazunguka tu, shida ilikuwa kizungu. WWE ni kushika maiki na kuongea, dakika ishirini mtu anaongea mechi ni dakika nane. Nakamura akipewa maiki ungeona anahesabu maneno. Kule Japani mtu anaongea na goti, Marekani lazima uuze tiketi na mdomo. Ndio maana 2019 wakampatia Sami Zayn awe anamwongelea.

#8 Binti Shangani
Hoja ya lugha siikubali hata kidogo. Asuka, mwanadada wa Japani, Kiingereza chake ni kidogo kuliko cha Nakamura, anafoka Kijapani mwanzo mwisho hakuna anayeelewa na watu wanampigia makofi, kashika mikanda mpaka kachoka. Iyo Sky SummerSlam 2023 kachukua mkanda, na Machi 3, 2025 kampiga Rhea Ripley kachukua mwingine. Lugha hiyohiyo, nchi hiyohiyo, kampuni hiyohiyo. Wanaume wakishindwa ndio tunatafuta kamusi.

#9 Msee wa Umoja
Hahaha Binti Shangani amekuja na moto. Lakini upande wa madem wanaopanga mechi ni kama wako na sheria tofauti, belt inazunguka haraka. Angalia wanaume, Reigns alikaa na wake zaidi ya miaka mitatu. Nafasi iko wapi?

#10 Binti Shangani
Madem ndio nani? Sema wanawake.

#11 Msee wa Umoja
Wanawake. Pole dada.

#12 Chupa ya Chai
Mimi naangalia hesabu. Kazaliwa Februari 1980. Anaingia NXT Aprili 2016 ana miaka 36 na magoti yameshatembea Japani miaka kumi na nne. Halafu wakamkalisha NXT mwaka mzima. AJ Styles waliondoka naye New Japan mwezi mmoja, AJ akaingizwa moja kwa moja Royal Rumble, ile mechi ya watu 30 kutupana nje, ya Januari 2016, Septemba tayari bingwa wa WWE. Nakamura wakati huo yuko anapigana na Samoa Joe kwenye mkanda wa NXT. Kafika SmackDown Aprili 2017 ana 37. Kampuni yoyote hapo inapiga hesabu ya miaka iliyobaki.

#13 Mtoto wa Manzese
AJ Styles kazaliwa 1977 mkuu, ni mkubwa kwa Nakamura.

#14 Chupa ya Chai
AJ ni Mmarekani mkuu. Tusijifanye hatuoni.

#15 Kaka Mjuzi
Naunga mkono #14. Ila tumpe sifa zake, Nakamura ndiye Mjapani wa kwanza kushika mkanda wa US, Julai 2018 alimpiga Jeff Hardy sekunde sita tu, kengele haijalia kashampiga za nyeti, goti moja, imeisha. Ameandika historia.

#16 Fundi Redio
#15 hapana. Mkanda wa US ulitoka WCW, kampuni ambayo WWE waliinunua baadaye, na Kensuke Sasaki aliuchukua 1995 kutoka kwa Sting. Ukoo ni uleule.

#17 Dj Mnazi
Na msimsahau Tajiri, yule wa kutema moshi wa kijani! Septemba 2001 kamnyang'anya Kanyon, akakaa nao wiki mbili hivi Rhyno akauchukua. Kwa hiyo Nakamura ni wa tatu. Tajiri ndio alikuwa wangu mimi, mateke yale ya mbavu, nilikuwa naishi kwa ajili yake na yule Regal.

#18 Kaka Mjuzi
Sawa, kwenye zama za WWE kujiita WWE ni wa kwanza. Mmefurahi?

#19 Dj Mnazi
Hiyo inaitwa kuhamisha magoli mkuu.

#20 Baba Salma
Jamani kuna wanaosema Wajapani hawajawahi kuchukua mkanda mkubwa WWF (ndio WWE ya leo), na Yokozuna je? WrestleMania ya 1993 alimpiga Bret Hart na chumvi ya machoni, sisi tulikuwepo.

#21 Fundi Redio
Mzee wangu shikamoo. Yokozuna alikuwa Msamoa wa Marekani, jina Rodney Anoa'i, ukoo mmoja na akina Roman Reigns na The Rock wanavyohesabiana. Bendera ya Japani alipewa na waandika skripti. Chumvi yenyewe aliirusha meneja wake, Mr. Fuji.

#22 Baba Salma
Marahaba. Basi miaka thelathini nimekuwa nikimshangilia Msamoa.

#23 Chupa ya Chai
Mnaona sasa? Walipotaka "Mjapani" bingwa wakatafuta Msamoa wakamvisha sumo. Hoja yangu ipo palepale.

#24 Binti Shangani
Kuna na Inoki. Novemba 30, 1979 pale Tokushima alimpiga Bob Backlund mkanda wa WWF, WWE hawaihesabu hiyo mpaka kesho. Na Giant Baba Desemba 1974 alichukua ule wa NWA kwa Jack Brisco, huo unahesabika lakini ni kampuni nyingine. Kwa hiyo kwenye vitabu vya WWE wanaume wa Japani na mkanda mkubwa ni sifuri. Haijaanza na Nakamura.

#25 Mpita Njia
Samahani kutoka nje ya mada kidogo, lile goti lake kwa nini linaitwa Kinshasa? Mtangazaji akipiga kelele KINSHASAAA nyumbani wananiuliza mimi nabaki natoa macho.

#26 Kalunga wa Lushi
Jambo kwenu bote. Miye niko mutu wa Lubumbashi, ku Kinshasa nilikwendaka tu kwa masomo, lakini hii habari baba yangu alitupigiaka kila siku. 1974, tarehe 30 Oktoba, Ali na Foreman, stade ya 20 Mai, leo banaiita Tata Raphaël. Bokse ilianza saa kumi ya alfajiri juu ya televizyo ya Amerika. Batu ya Kinshasa bote balikuwa upande wa Ali, banaimba "Ali boma ye", ni Lingala, banamwambia amuue Foreman. Round ya nane Foreman chini. Sasa vile hii kelele ilifikaka Japani, bandugu wengine banieleze, miye mwenyewe nilishangaa kuona Mujapani anapiga batu na jina ya mujini yetu.

#27 Fundi Redio
#26 asante sana ndugu. Nimalizie. Juni 26, 1976 Ali akaenda Tokyo kupigana na Inoki pale Nippon Budokan, raundi 15, ile ambayo Inoki alilala chini muda wote akipiga miguu ya Ali mateke, ikaisha sare na Ali akatoka na damu imeganda miguuni. Watu walichukia wanadai hela zao lakini wawili wale wakawa marafiki, na ule wimbo wa kuingilia uliokuwa na kelele ya Kinshasa Ali akampa Inoki. Wajapani wakawa wanaimba "bom-ba-ye" kila Inoki akiingia, mpaka mapigano ya mwisho wa mwaka yakaitwa Inoki Bom-Ba-Ye, na hapohapo ndipo Nakamura alipopigwa na Gracie 2002.

Sasa Nakamura ni mtoto wa mwisho mwisho wa mfumo wa Inoki. 2009 alipochukua tena mkanda wa IWGP alisimama ulingoni akamtaja Inoki hadharani, wakati Inoki na kampuni wameshaachana. Goti lake akaliita Boma Ye. Alipohamia WWE likaitwa Kinshasa. Kelele za uwanjani mwa Zaire zimezunguka dunia nzima zikarudi kwenye TV ya sebuleni kwako.

#28 Mpita Njia
Daah. Nimeuliza swali la dakika moja nimepewa darasa. Shukrani.

#29 Dj Mnazi
Ila kwa nini wabadilishe jina? Boma Ye lilikuwa tamu zaidi.

#30 Kaka Mjuzi
Hakimiliki. Hakuna kingine, WWE hawataki kitu ambacho hawakimiliki.

#31 Msee wa Umoja
Kinshasa nayo wanaimiliki? Serikali ya Kongo ijue hii maneno.

#32 Binti Shangani
Labda waliambiwa maana yake ni "muue" wakaona watoto wanaangalia.

#33 Chupa ya Chai
Kampuni hiyohiyo ilikuwa na mtu anazika watu wazima wazima na majeneza ulingoni, leo iogope Kilingala? Mimi naona ni yeye mwenyewe alitaka jina ambalo mzizi unabaki. Ila tukianza hapo tutakesha.

#34 Kalunga wa Lushi
Ku Kinshasa kwenyewe hii mieleka tunaiita catch, na bale ba catcheurs banapigana na fetishi, mutu anaweza kutoa nyoka ao kumulaza mwenzake na dawa bila kumugusa. Nakamura akuje kule na goti yake tuone.

#35 Kiti cha Mbele
Nakamura dhidi ya fetishi, hiyo nalipia kiti cha mbele kweli.

#36 Ustadh wa Mutrah
Salaam aleikum. Mie nipo Maskati lakini Aprili 2018 nilikuwa Jeddah na binamu zangu tukaingia ile Greatest Royal Rumble pale King Abdullah. Nimeona mechi ya Nakamura na AJ Styles kwa macho yangu. Fidla ilipolia uwanja ulipasuka, watoto wa Kiarabu wanaimba ule mlio hawana hata neno moja la kushika, wanaimba tu. Halafu mechi yenyewe wote wawili wakahesabiwa nje ya ulingo, hakuna mshindi. Watu wakapiga miluzi. Binamu yangu akasema tumekuja kuangalia watu wawili wakimbizane nje?

Ndipo mie nikaona tatizo lao. Wiki tatu nyuma WrestleMania New Orleans kagombea mkanda mkubwa na AJ kapoteza. Jeddah hakuna mshindi. Mei kwenye Backlash wakapigana za nyeti wote wawili wakalala, hakuna mshindi tena. Juni Money in the Bank kapoteza. Mechi nne hashindi hata moja. Mtu kashinda Royal Rumble, tiketi ya kugombea mkanda mkubwa, kwa kumtupa Roman Reigns wa mwisho, miezi mitano baadaye hana cha kuonyesha isipokuwa kupiga watu sehemu za siri.

#37 Mtoto wa Manzese
Waleikum salaam. Umeniongelea moyoni. Ile Royal Rumble Philadelphia Januari 2018 kaingia namba 14, Asuka naye akashinda ya wanawake ya kwanza kabisa usiku uleule. Nilisema sasa zamu ya Japani. Aprili 8 wote wawili wakapigwa usiku mmoja, Asuka na Charlotte, rekodi yake ya kutoshindwa ikaishia pale.

#38 Binti Shangani
Na mimi ile siku nilizima TV. Nadhani ndio pekee tunapokubaliana humu ndani.

#39 Msee wa Umoja
Lakini hiyo ya za nyeti mimi niliipenda maze! Alikuwa mbaya mtamu sana. Mtangazaji anamuuliza swali anajibu hajui kizungu na anacheka, na wote tunajua anakijua. Ndio wakati pekee kizungu chake kilikuwa silaha. Shida walimgeuza mbaya na hawakumpa ushindi, mbaya asiyeshinda ni mchekeshaji tu.

#40 Dj Mnazi
Na bahati mbaya haikumwacha. Juni 25, 2018 huko Bakersfield California kaumwa na MBWA WA POLISI mguuni, mbwa wa kukagua ukumbi kabla ya onyesho. Hii sio skripti. Akakosa mechi yake ya mkanda wa US.

#41 Mpita Njia
Chai hiyo.

#42 Dj Mnazi
Tafuta mwenyewe mkuu. Na WrestleMania 2022 yuko na Rick Boogs, yule wa gitaa, wanagombea mikanda ya wawili wawili na wale mapacha The Usos, Boogs akataka kuwabeba mapacha wote wawili kwa mpigo, msuli wa mguu ukachanika pale pale. Nakamura kabaki peke yake, imeisha. Mimi siamini uchawi ila kuna watu nyota yao inasumbuliwa.

#43 Kalunga wa Lushi
Miye niliwaambia. Fetishi.

#44 Kaka Mjuzi
Mnasahau Jinder. Mwaka 2017 WWE walikuwa wanalitaka soko la India, Desemba ile walikuwa na ziara huko, ndio maana Jinder, mwenye asili ya India, akapewa mkanda, naye Nakamura akapewa kazi ya kupoteza SummerSlam na Hell in a Cell. Agosti 1 alishampiga Cena safi kabisa, ile ambayo alimrusha Cena vibaya akaangukia shingo tukashika vichwa. Ukimpiga Cena inayofuata ni mkanda. Biashara ikaingilia. Halafu Jinder akapewa maneno ya kumkejeli uso wake na lafudhi mpaka ukumbi ukaanza kuimba kwamba imezidi.

Na niongeze, yeye ndiye wa kwanza duniani kushika mkanda wa Intercontinental wa New Japan na wa WWE.

#45 Fundi Redio
Kaka Mjuzi wewe na hiyo "wa kwanza" mna undugu? Chris Jericho. Wa WWE alikuwa nao mara tisa, wa New Japan kamnyang'anya Naito Juni 2018. Nakamura kachukua wa WWE kwa Finn Bálor Julai 2019.

#46 Kaka Mjuzi
Nilimaanisha Mjapani.

#47 Dj Mnazi
Magoli yamefika Kibaha sasa.

#48 Chupa ya Chai
Hoja ya Jinder na India nzuri, lakini kuna wale wanaosema ni Vince McMahon peke yake, bosi wa WWE enzi hizo, kwamba NXT chini ya Triple H jamaa alikuwa mfalme na alipopanda kwa Vince kazimwa. Sasa Triple H kashika usukani tangu 2022. 2023 Nakamura kapewa bingwa Seth Rollins, promo zake (yale maneno ya kumchokoza mpinzani) za Kijapani zenye maandishi chini zilikuwa nzuri kuliko chochote alichofanya miaka mitano, Payback kapoteza, Fastlane kapoteza tena. Kisha kapelekwa kwa Cody kupoteza. Usukani hapo sio wa Vince tena. Tunamlaumu nani sasa?

#49 Mtoto wa Manzese
Hapo umenibana. Lakini 2023 ana 43, uharibifu ulishafanyika.

#50 Bondia Mstaafu
Nimesoma uzi wote kumbe jamaa amepigana kweli. Huyo Gracie ni wa ile familia ya Brazil? Basi namheshimu. Huyo wa Belarus nimetafuta video, goti lile mimi nisingeamka.

#51 Kiti cha Mbele
Hatimaye. Karibu kwenye maigizo mkuu.

#52 Mama Juma Tegeta
Mimi sina hoja, nina malalamiko. Mwanangu wa kiume alijifunza hilo goti, akatetemesha mikono kwanza ukutani kama anavyofanya huyo mtu, akamkimbilia mdogo wake aliyepiga magoti kwenye kochi. Jino limetoka. Nikauliza nani kawafundisha, wote wawili kwa pamoja wakasema Kinshasa. Nikadhani kuna Mkongo kahamia mtaani.

#53 Kalunga wa Lushi
Mama, sisi hatuko na kosa hapa.

#54 Binti Shangani
Nimecheka mpaka nimeogopa. Jino la utoto au la ukubwani?

#55 Mama Juma Tegeta
La utoto, Mungu mkubwa.

#56 Fundi Redio
Turudi. Kuna maelezo mengine hamyataki kwa sababu hayana wa kulaumiwa. Huenda jamaa alipata alichokifuata. Anaishi Florida, anapanda mawimbi baharini na ubao wake, analea, analipwa na kampuni kubwa kuliko zote, na mwili haupondwi tena kama Tokyo Dome. Mwangalie KENTA, wao walimwita Hideo Itami, kaja 2014 na njaa kubwa, kaumia bega, kaumia tena, 2019 akaomba kuondoka kurudi kwao. Nakamura hajaomba. Mtu mwenye majuto angekaa miaka yote hiyo?

Na akitaka bado anaweza. Januari 1, 2023 WWE walimruhusu kwenda Noah, kampuni nyingine ya Japani, kupigana na The Great Muta kabla mzee hajastaafu, hapohapo Budokan. Muta anataka kumtemea ukungu usoni, kama ule moshi wa Tajiri, Nakamura akambusu mdomoni akauvuta ule ukungu WOTE akamtemea mwenyewe, goti, kwisha. Miaka ishirini kazini na anafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona.

#57 Ustadh wa Mutrah
Hiyo ya Muta niliiona, binamu yangu hakusema na mie siku mbili kwa kumwonyesha.

#58 Mtoto wa Manzese
Fundi Redio unaongea vizuri lakini ndio kinachoniuma. Kumbe uwezo upo, Noah kautoa usiku mmoja. Ina maana Marekani anaubania? Au anaambiwa aubanie? Mawimbi na Florida ni sawa, mimi kama shabiki nimelipia bando sijalipia mawimbi.

#59 Chupa ya Chai
Mtindo wa WWE miaka ile ulikuwa siku tatu nne kwa wiki na safari juu, ukipiga magoti ya kweli kila siku utampasua mtu au utajipasua. Wote wanapunguza. AJ naye alipunguza.

#60 Binti Shangani
Iyo hajapunguza.

#61 Msee wa Umoja
Binti Shangani na Iyo wake, tumesikia.

#62 Mpita Njia
Mimi nimeanza kuvutiwa hapa, nianze na mechi gani ya huyu mtu? Bando ni la kubana.

#63 Mtoto wa Manzese
Aprili 1, 2016, Dallas, na Sami Zayn. Ya kwanza kabisa NXT. Usiangalie nyingine.

#64 Fundi Redio
Januari 4, 2015 na Kota Ibushi, Tokyo Dome. Ya Dallas ni tamu kwa sababu ya ukumbi, ya Ibushi ni tamu hata ukiizima sauti.

#65 Ustadh wa Mutrah
Ya AJ Januari 2016 ndio baba yao. Ukishaiona hiyo ndio utaelewa kwa nini New Orleans tulitaka kulia.

#66 Bondia Mstaafu
Anza na Ignashov.

#67 Mpita Njia
Nimepakua ya Ibushi. Huyu Ibushi anamuiga mbwembwe zake mbele ya uso wake na goti lake kampiga nalo, kwenu Japani hiyo inaruhusiwa?

#68 Fundi Redio
Subiri dakika tano.